RANGI ISIYOPAKWA
Namna silisiyumu inavyocheza na mwangaza



Tazameni pano za jua zilizo juu ya manyumba. Nyingi ni za buluu, zingine ni nyeusi. Kule sokoni kila muuzaji yuko na neno lake juu ya ile rangi. Mmoja anasema: «Ya buluu njo ya kweli, nyeusi ni ya uongo.» Mwingine, hatua tano mbele, anasema kinyume. Na baba wa nyumba aliyekuja na feza alizokusanya miezi mingi anasimama katikati yao, hajui amwamini nani. Sisi wa seksio ya sayansi tumeulizwa neno hili mara nyingi, nyumbani na hata njiani. Tumeona vizuri kulijibu hapa, kwa sababu jibu lake linafika mbali kuliko pano. Linafika kwenye mkia wa jogoo na kwenye povu la sabuni. Linafika pia kwenye vyombo vidogo sana ambavyo wenye elimu wanatengeneza ili rangi peke yake itoe habari ya kitu kilichojificha ndani ya hewa au ndani ya damu.

Jibu fupi ni hili: ndani ya pano ya buluu hamuna buluu. Hakuna rangi iliyopakwa wala iliyochovywa. Silisiyumu yenyewe, ukiisugua vizuri, ni ya kijivu na inang'aa sawa chuma. Ile buluu inatokana na kipimo tu, yaani unene wa ngozi nyembamba iliyowekwa juu yake. Ukibadilisha unene wa ngozi, rangi inabadilika, hata kama vitu vyenyewe vimebaki vile vile.

Jibu refu linaomba uvumilivu kidogo.

Rangi ya shimi na rangi ya umbo

Rangi nyingi tunazojua zinatoka kwa shimi. Jiwe la malakiti la Katanga ni la kijani kwa ajili ya shaba iliyo ndani yake. Kobalti ikiwekwa katika kioo kinachoyeyuka inakitia buluu. Rangi ya kitenge ni molekuli zilizoshikamana na uzi. Namna ya kazi yake ni moja: mwangaza mweupe wa jua uko na rangi zote, kitu kinameza zingine na kurudisha zingine, na zile zinazorudi njo macho yetu yanaona. Ukisaga malakiti mpaka iwe unga, unga unabaki kijani. Lakini kitenge kikianikwa juani siku nyingi kinapauka, kwa sababu jua linavunja molekuli za rangi pole pole.

Kuko namna ya pili. Chukua unyoya mrefu wa mkia wa jogoo mweusi, ule unaong'aa kijani. Uzungushe polepole mbele ya dirisha: kijani kinageuka, pengine kinaenda kwenye buluu au zambarau, kisha kinapotea. Sasa uinue, utazame jua kupitia unyoya huo. Kijani hakiko tena, umebaki weusi na kahawia. Ukiuponda juu ya jiwe kwa nguvu, kile kijani hakirudi. Kimeenda wapi? Hakikwenda pahali, maana hakikuwa kitu. Kilikuwa mpangilio wa chembe ndogo sana ndani ya unyoya, na wewe umeuvunja ule mpangilio.

Tausi wetu wa Kongo, ndege asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote, anavaa buluu na kijani za namna hii. (Kwa wanaopenda historia: Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja tu wa ndege huyu mwaka 1913, kwenye kofia ya mtu wa Ituri, na ikawa paka mwaka 1936 njo akamtambua ndege mwenyewe, tena katika makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji.) Na katika misitu ya Afrika kuna mmea mmoja, Pollia condensata, ambao tunda lake dogo linang'aa buluu kali. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba buluu hiyo inatoka kwa nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka katika ganda la tunda. Kati ya matunda yaliyohifadhiwa, moja lilichumwa Ghana mwaka 1974, na bado linang'aa. Hakuna molekuli ya rangi ya kuvunjwa na jua, kwa hiyo hakuna kupauka.

Isaac Newton alikuwa ameandika jambo hili juu ya mkia wa tausi katika kitabu chake cha mwaka 1704: rangi zake zinatokana na wembamba wa sehemu za unyoya. Hakuwa na chombo cha kuona sehemu hizo, lakini aliwaza sawa.

Kipimo cha wimbi

Hapa tunapaswa kusema neno juu ya vipimo. Chukua milimeta moja kwenye rula yako, uigawe mara 1,000, kisha kila kipande ukigawe tena mara 1,000. Kipande cha mwisho kinaitwa nanometa. Unywele wa kichwa uko na unene wa karibu nanometa 80,000. Chembe nyekundu ya damu iko na upana wa 7,500 hivi. Na mwangaza, ambao unaenda kama mawimbi ya ziwa, urefu wake toka wimbi moja mpaka lingine ni kati ya 400 na 700: zambarau na buluu ziko upande wa 400, kijani kiko karibu na 530, nyekundu iko upande wa 700. Kama kitu kina vipimo vya namna hii, mwangaza hauwezi tena kukipita bila kujali. Ni sawa mtumbwi na mawimbi: wimbi kubwa la ziwa halitambui kijiti, lakini linautambua mtumbwi.

Mfano mwepesi kuliko yote ni ngozi ya sabuni. Chovya pete ya waya katika maji ya sabuni, uisimamishe wima, utazame. Mwangaza unafika kwenye uso wa mbele, sehemu inarudi. Sehemu nyingine inaingia, inafika uso wa nyuma, nayo inarudi. Sasa mawimbi mawili yanatembea pamoja kuja kwenye jicho lako. Kama vilele vinakutana na vilele, rangi ile inapata nguvu. Kama kilele kinakutana na bonde, rangi ile inakufa. Kwa kuwa maji yanashuka na ngozi inazidi kuwa nyembamba kule juu, unaona mistari ya rangi inayoteremka. Kisha kule juu kabisa, kabla haijapasuka, unaona sehemu isiyo na rangi, nyeusi. Pale ngozi imebaki na nanometa 30 hivi au chini yake. Wengi wanafikiri inahitajika mikroskopi ya bei kubwa ili kuona kitu cha nanometa 30. Sabuni inatosha.

Turudi kwenye pano. Juu ya silisiyumu mafundi wanaweka ngozi ya nitridi ya silisiyumu, nene karibu nanometa 75. Ndani ya ngozi hiyo mwangaza unaenda polepole mara mbili kuliko katika hewa, na wimbi lake linafupika mara mbili. Mwalimu wa fizike atawaambia kwamba indisi ya refraksyo ni 2. Tufanye hesabu. Wimbi la rangi ya machungwa, nanometa 600, likiingia katika ngozi linakuwa 300. Kwenda na kurudi ndani ya ngozi ni 75 na 75, yaani 150. Ni nusu ya 300 kabisa! Kwa hiyo kilele kinakutana na bonde, na mwangaza wa 600 haurudi. Haukupotea: umeingia chini katika silisiyumu kufanya umeme, na njo kitu fundi alitaka. Lakini wimbi la buluu, 450, ndani ya ngozi linakuwa 225, na 150 si nusu ya 225. Kufutwa kwake hakutimii, sehemu yake inarudi, na sisi tunaona pano ya buluu. Kumbe ile buluu inayopendwa sokoni ni mabaki, ni mwangaza ambao pano imeshindwa kula.

Bila ngozi ile, silisiyumu tupu ingerudisha karibu sehemu 3 juu ya 10 za mwangaza wote. Sasa mnaelewa kwa nini inawekwa.

Na pano nyeusi? Nayo iko na ngozi, lakini zaidi ya hiyo, silisiyumu yake ni kristali moja tupu. Ikioshwa katika dawa kali uso wake unaota piramidi ndogo ndogo. Mwangaza unaoruka toka piramidi moja unaangukia piramidi ya jirani, unapata nafasi ya pili ya kuingia. Kidogo sana kinarudi, kwa hiyo macho yanaona weusi. Ile ya buluu yenye mapande mapande yanayong'aa tofauti imefanywa kwa kristali nyingi zilizoganda pamoja, kila moja inatazama upande wake. Zote mbili ni za kweli. Kwa kawaida nyeusi inageuza mwangaza mwingi kidogo zaidi kuwa umeme, lakini rangi haimwambii mnunuzi wati ngapi. Kipimo cha kumsaidia ni upana. Jua kali la saa sita mchana linaleta karibu wati 1,000 kwa kila meta mraba, na pano nzuri inageuza karibu sehemu 20 juu ya 100, yaani wati 200 hivi, wala si zaidi sana. Basi mtu akikuletea pano ya meta moja kwa nusu meta, na karatasi ya nyuma inasema wati 300, usibishane juu ya rangi. Mrudishie.

Ngoma ndogo na ngoma kubwa

Mpaka hapa tumesema juu ya ngozi, kitu chenye unene mdogo tu. Je, tukikata silisiyumu kuwa mapande madogo pande zote, kama mipira au nguzo?

Hapa silisiyumu inaonyesha uwezo ambao kioo hakina. Indisi ya maji ni 1.33, ya kioo cha dirisha karibu 1.5. Ya silisiyumu, kwa mwangaza tunaouona, ni karibu 4. Maana yake, wimbi la 600 likiingia ndani linakuwa 150. Mpira wa silisiyumu wa nanometa 150 unaweza basi kulishika wimbi zima ndani yake, nalo linazunguka humo na kupata nguvu, sawa sauti inavyopata nguvu ndani ya ngoma. Kila ngoma iko na sauti yake kufuatana na ukubwa: ndogo inalia juu, kubwa inalia chini. Kila mpira uko na rangi yake namna ile ile. Wa nanometa 100 hivi unarudisha buluu, wa 150 unakaribia machungwa, wa 180 unafika nyekundu. Silisiyumu ni ile ile moja, kijivu, hakuna kitu kilichoongezwa.

Hesabu ya mambo haya si mpya. Mjerumani Gustav Mie aliitoa mwaka 1908, akitaka kueleza kwa nini maji yenye chembe ndogo za dhahabu yanakuwa mekundu. Lakini ilikuwa lazima kungoja mpaka mwaka 2012 ili watafiti, wengine kule Singapore na wengine kule Hannover Ujerumani, waionyeshe kwa macho katika mipira ya silisiyumu. Waliipata kwa kupiga bamba la silisiyumu kwa lazeri: matone madogo yanaruka, yanaganda yakiwa mviringo. Chini ya mikroskopi mapira hayo yanaonekana kama nyota za rangi zote, kila moja kwa ukubwa wake.

Mwaka mmoja mbele ya hapo, 2011, kikundi cha Harvard, Marekani, kilisimamisha nguzo za silisiyumu zenye unene wa karibu nanometa 100, nyingi sana, zimepangwa mistari kama mashina ya mahindi. Hapo kazi inaenda kwa kinyume: kila nguzo inavuta ndani na kumeza rangi moja kufuatana na unene wake, na zile zinazobaki njo zinarudi. Shamba la nguzo nyembamba linatoa rangi moja, shamba la nguzo nene kidogo linatoa nyingine. Tofauti ya nanometa kumi inaonekana kwa jicho.

Faida ni gani? Ya kwanza ni kuchapa. Wino wa buletini yetu, kama mnavyoona vidole vya wale wanaoipiga, haujui kukaa pahali pake. Nguzo inakaa. Mwaka 2012 watafiti wa Singapore walichapa picha ya rangi yenye nukta 100,000 katika inchi moja, yaani nukta moja kila nanometa 250. Wao walitumia nguzo zenye kofia ya feza na dhahabu, na wengine walifuata njia hiyo kwa silisiyumu peke yake. Kupita hapo hakuna maana ya kusogeza nukta karibu zaidi, kwa sababu mwangaza wenyewe hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nusu ya wimbi lake hivi; Ernst Abbe alikwisha kusema hivyo mwaka 1873.

Tusisifu kupita kiasi. Silisiyumu inameza zambarau na buluu kwa nguvu, kwa hiyo rangi zake za upande ule hazitoki safi sana. Wanaotaka buluu safi mara nyingine wanaiacha na kutumia oksidi ya titani. Na kuchora nguzo moja moja kwa mshale wa elektroni ni kazi ya saa nyingi kwa kipande kidogo kuliko ukucha. Hakuna mtu atakayechapa kitenge kwa njia hiyo kesho.

Rangi inayotoa habari

Faida ya pili, kwa mawazo yetu, inapita ya kwanza.

Chukua ngoma, ubandike donge la nta katikati ya ngozi yake. Sauti inashuka. Hukubadilisha ngoma, uliongeza tu kitu juu yake, na mtu mwenye sikio atajua bila kuona. Rangi ya umbo inafanya vilevile. Kwa kuwa inatokana na vipimo na indisi, kitu chochote kikija kukaa juu ya silisiyumu au ndani yake, hata molekuli ambazo hakuna mikroskopi ya masomo inaweza kuzionyesha, kinasogeza rangi kidogo kuelekea nyekundu. Rangi ya wino haiwezi kazi hii, maana haijali jirani yake ni nani.

Tatizo ni kwamba mpira mmoja uko na uso mdogo, molekuli chache zinashika, rangi inasogea kidogo mno. Inahitajika silisiyumu yenye uso mkubwa sana. Na hiyo ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1956, katika maabara ya Bell kule Marekani, Arthur Uhlir na mke wake Ingeborg walikuwa wanatafuta njia ya kusugua silisiyumu na jermaniyumu kwa asidi na umeme. Badala ya uso laini, pengine walipata madoa ya rangi. Walitaja jambo hilo, wakaendelea na kazi yao. Baadaye ilijulikana kwamba ule uso umejaa matundu madogo kama sponji. Miaka ikapita mingi. Mwaka 1990 Mwingereza Leigh Canham alionyesha kwamba silisiyumu ya matundu, ikiangazwa na mwangaza wa ultraviolé, inatoa yenyewe mwangaza mwekundu unaoonekana, kitu ambacho silisiyumu ya kawaida karibu haifanyi. Toka hapo watu wengi wakairudia.

Inatengenezwa namna hii. Bamba la silisiyumu linawekwa katika asidi ya floridriki, na umeme unapitishwa. Asidi inakula bamba kwa kuingia chini, inachimba matundu ya nanometa chache au makumi machache. Umeme mwingi unapanua matundu, umeme kidogo unayabana. Fundi akipandisha na kushusha umeme kwa zamu, anapata tabaka za matundu mapana na membamba zikifuatana, kama lile tunda la msituni. Tabaka hizo zinarudisha rangi moja tu, iliyochaguliwa na saa ya mkononi. (Asidi hii haiunguzi ngozi tu: inapenya mpaka kwenye mifupa, na inaua. Asiwepo mwanafunzi wa kuitafuta.)

Sponji hiyo iko na uso wa ndani wa ajabu. Sentimeta kyubu moja, ukubwa wa kipande cha sukari, inaweza kuwa na meta mraba mia kadhaa ndani yake, zaidi ya uwanja wetu wa voleboli. Basi molekuli zinapata pahali pa kukaa. Tuseme indisi ya tabaka kwa wastani ni 1.8 matundu yakiwa na hewa, na rangi inayorudi ni 520, kijani. Moshi wa pombe ukiingia, unaganda katika matundu, na indisi inapanda mpaka 2.0. Rangi inasogea kwa kipimo kile kile: 520 mara 2.0, gawanya kwa 1.8, unapata 578. Kijani kimekuwa njano, mbele ya macho yako. Pombe ikikauka, kijani kinarudi. Hakuna pile, hakuna waya, hakuna sindano ya kusoma.

Mwaka 1997 watafiti wa California walitangaza katika gazeti la Science kwamba njia hii inaweza kutambua molekuli za uhai pia. Wanabandika ndani ya matundu molekuli inayoshikana na aina moja tu ya mgeni, kama ufunguo na kufuli. Wageni wengine wanaoshwa na maji na kutoka, yule anayetafutwa anabaki, na rangi inasogea. Hapo kusogea ni kudogo, si toka kijani mpaka njano. Inaombwa chombo cha kupima mwangaza, jicho peke yake halitoshi. Watafiti wa kule wamejaribu pia kuweka chembe za silisiyumu hii katika kifuniko cha uso cha mfanyakazi anayepumua kati ya dawa zenye sumu. Makaa ya kuchuja hewa yakiisha kujaa, moshi unafika kwenye chembe, rangi inageuka, na yule mtu anajua ya kuwa makaa yake hayamlindi tena. Leo wengi wanabadilisha makaa kwa kuhesabu masaa tu, na sumu haihesabu masaa.

Ni nini basi kinachozuia kitu hiki kufika katika kila kituo cha afya? Si mali ya asili. Silisiyumu ni namba 14 katika tablo ya Mendeleev, na inafanya sehemu 28 juu ya 100 za uzito wa ganda la dunia. Ni oksijeni peke yake inayoipita. Mchanga na mawe meupe ya kwarzi tunayakanyaga kila siku. Lakini kuitoa katika kwarzi inadai tanuru yenye moto wa karibu digri 2,000 na umeme wa kilowati-saa 11 mpaka 13 kwa kila kilo moja, na bado haijasafishwa. Kwa nchi ambayo mji mzima unaweza kulala gizani, hiyo si hesabu ndogo.

Kizuizi kingine kiko ndani ya kitu chenyewe, na sisi tunaona njo kikubwa zaidi. Silisiyumu ya matundu haipendi maji. Ikiachwa humo, maji yanaitafuna polepole na kuigeuza asidi ya siliki inayoyeyuka. Matundu yanapanuka, indisi inashuka, na rangi inasogea kuelekea buluu, wakati mgeni tunayemtafuta anaisukuma kuelekea nyekundu. Damu na mate ni maji. Chombo kinaweza basi kusema «hakuna» wakati kipo. Tena damu ina protini nyingi zinazojibandika popote na kuziba milango ya matundu. Kwa sababu hii watafiti wanachoma kwanza silisiyumu katika oksijeni au kuivika kaboni, ili ngozi mpya iikinge. Na wanaweka kando yake kipande cha pili kisicho na ufunguo, ili walinganishe rangi mbili na kutoa ile tofauti inayoletwa na maji tu.

Lakini kuko waganga waliofurahia ubaya huo huo. Kitu kinachoyeyuka mwilini pole pole kinaweza kubeba dawa katika matundu yake na kuiachilia kidogo kidogo, na ile asidi ya siliki inatoka katika mkojo. Tena kadiri kinavyoyeyuka, rangi yake inaendelea kugeuka, na anayejua kuisoma anaweza kujua ni dawa kiasi gani imebaki.

Wanaotaka kuona jambo hili kwa macho yao, waya wa kufanyia pete na sabuni viko katika chumba cha fizike. Unyoya wa jogoo kila mtu ajitafutie.